Umepewa rufaa kwa daktari bingwa wa kisukari: siku ya kwanza itakuwaje?



Kila tukigusa kisukari kwenye kipindi cha afya, simu ya studio hujaa ujumbe. Wengi huuliza kuhusu dalili na chakula. Lakini kuna swali moja ambalo limekuwa likirudi mara kwa mara: "Wameniandikia rufaa niende hospitali ya mkoa kwa bingwa wa kisukari. Nikifika huko watanifanya nini?"

Ni swali la maana sana kwa sisi tunaoishi mbali. Mtu anatoka Ludewa au Makete, anapanda basi alfajiri kwenda Njombe mjini, pengine analala kwa ndugu. Ameuza kuku au gunia la viazi ili apate nauli na hela ya vipimo. Akifika akagundua kadi ya bima ameiacha nyumbani, au akamwona daktari lakini akarudi hajaelewa alichoambiwa, safari ya pili mara nyingi haifanyiki. Kisukari nacho hakisubiri mtu apate nauli nyingine.

Mimi ni mtangazaji, si daktari, kwa hiyo makala hii haikupangii dawa. Inakueleza siku hiyo inavyokwenda, unachotakiwa kubeba, utakachoulizwa na kwa nini, na mambo ambayo hutakiwi kuondoka bila kuyajua.

Siku hiyo si ya kuponywa

Tumezoea malaria. Unapimwa, unapewa dawa ya mseto ya siku 3, unapona, unarudi shambani. Wengi wanakwenda kwa daktari bingwa wakitegemea mambo yawe hivyo hivyo: kwa kuwa ni bingwa, basi ana dawa kubwa ya kumaliza ugonjwa.

Kisukari hakiko hivyo. Ndani ya tumbo, nyuma ya mfuko wa chakula, kuna kiungo kinaitwa kongosho. Kazi yake mojawapo ni kutengeneza insulini, ambayo huwezesha sukari iliyo kwenye damu kuingia kwenye seli za mwili na kutumika kama nguvu. Kwa mwenye kisukari aina ya kwanza, kongosho limeacha kutengeneza insulini, au linatengeneza kidogo mno. Aina hii huwapata zaidi watoto na vijana, ingawa hata mtu mzima anaweza kuipata. Kwa mwenye aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, insulini ipo lakini mwili hauisikii vizuri, na baada ya muda kongosho nalo huchoka. Pia kuna kisukari cha mimba, kinachoanza mama akiwa mjamzito.

Kwa kawaida matibabu yake ni ya kudhibiti, yaani kuishusha sukari na kuishikilia hapo miaka yote ili isiharibu macho, figo, moyo na miguu. Kwa hiyo siku ya kwanza kwa bingwa ni siku ya kufungua faili. Daktari anataka kujua ugonjwa wako ni wa aina gani, umefika wapi, umeshagusa viungo gani, na wewe nyumbani kwako unaweza kufanya nini.

Ukilijua hilo mapema, hutakata tamaa ukitoka na karatasi za vipimo na tarehe ya kurudi badala ya mfuko wa dawa mpya. Hiyo haina maana kwamba umepuuzwa.

Bingwa huyo ni nani?

Katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, anayeangalia wagonjwa wa kisukari ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Usishangae mlango umeandikwa "Magonjwa ya Ndani" na si "Kisukari". Huyo huyo huangalia pia presha, moyo na figo, na hilo lina faida kwako kwa sababu magonjwa haya hutembea pamoja.

Hospitali nyingi zina siku maalumu za kliniki ya kisukari. Ukifika siku nyingine unaweza kuambiwa urudi. Kabla ya kukata tiketi, mwombe aliyekuandikia rufaa akuulizie siku ya kliniki. Yeye ana njia za kuwapata wenzake wa mkoani kuliko wewe.

Tangu 2024 serikali imekuwa pia ikituma timu za madaktari bingwa kwenye hospitali za halmashauri kwa siku chache chache, wale wanaoitwa Madaktari Bingwa wa Rais Samia. Wakitangazwa kufika wilayani kwako, uliza kama yumo bingwa wa magonjwa ya ndani. Huenda ukaokoa nauli ya kwenda mkoani. Lakini rufaa yako usiitupe, kwa sababu timu hiyo itaondoka na wewe utaendelea kuhitaji kliniki.

Vitu vya kubeba

Viweke kwenye mfuko mmoja jioni kabla ya safari.

1. Barua ya rufaa. Inampa daktari historia yako, na kwa mwenye bima ndiyo inayofungua mlango wa ngazi ya juu.

2. Kadi ya bima na kitambulisho. Kama una NHIF au CHF, waulize wahudumu wa kituo chako kabla ya kusafiri: kadi yangu inafika hospitali ya mkoa? Inalipia vipimo gani? Taratibu za bima hubadilika, usitegemee ya mwaka juzi.

3. Dawa zako zote, na pakiti zake. Usibebe majina kichwani. Kusema "kile kidonge cheupe cha duara" hakumsaidii daktari, kwa sababu vidonge vyeupe vya duara ni vingi. Beba hata zile ulizonunua duka la dawa bila kuandikiwa.

4. Daftari la kliniki na majibu ya vipimo vya zamani, hata kama yamechakaa.

5. Namba zako za sukari, kama una mashine ya nyumbani au umekuwa ukipimwa zahanati. Andika tarehe, saa, na kama ilikuwa kabla au baada ya kula. Kama hujui kuandika, mpe mtoto wa shule akuandikie.

6. Chakula kidogo na maji. Utakaa siku nzima. Weka pia vijiko viwili vitatu vya sukari kwenye karatasi, au soda ya kawaida. Sababu yake nitaieleza hapa chini.

7. Mtu wa kukusindikiza, kama inawezekana. Masikio manne husikia kuliko mawili, hasa anayekwenda akiwa mzee au macho yake hayaoni vizuri.

Kama huna bima wala uwezo wa kulipa, usikate tamaa ukabaki nyumbani. Hospitali za rufaa za mikoa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Pata barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yako na uwaone ustawi wa jamii asubuhi kabla ya kupanga foleni. Ukisubiri hadi umeshapewa bili, utakuwa umechelewa.

Niende nimefunga kula?

Hapa wengi wanakosea, na kosa lake linaweza kuwa la hatari.

Kuna kipimo cha sukari kinachotaka uwe hujala kwa saa 8 au zaidi, maji matupu tu ndiyo yanaruhusiwa. Kuna kingine hupimwa wakati wowote. Na kuna cha tatu, kinachoandikwa HbA1c na wengi wetu hukiita "kipimo cha miezi mitatu", ambacho hakihitaji kufunga kabisa. Kwa hiyo uliza mapema utapimwa nini.

Lakini kama tayari unachoma insulini, au unameza vidonge vinavyosukuma kongosho litoe insulini, kama glibenclamide, usijiamulie kufunga huku umemeza dawa. Umeamka saa 9 usiku, umetumia dawa, hujala, uko ndani ya basi kwenye kona za milimani. Sukari inaweza kushuka mno. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na mwisho kupoteza fahamu. Kwa mtu wa kisukari, sukari chini ya 4 kwenye mashine ni ya kushughulikiwa hapo hapo. Ndiyo kazi ya ile sukari au soda uliyobeba. Inywe, subiri kama dakika 15, kisha kula chakula.

Muulize mhudumu wako kabla ya siku hiyo: "Asubuhi ya safari nitumie dawa au nisubiri?" Ni swali dogo, lakini linaokoa maisha.

Siku yenyewe inavyokwenda

Utaanzia mapokezi, ambako wanafungua au kutafuta faili lako. Kama unalipa taslimu, utapewa namba ya malipo ulipie kwa simu au benki. Itunze risiti.

Kisha muuguzi atakupima uzito, urefu na presha, pengine na mzunguko wa kiuno. Atakuchoma kidole apime sukari. Kama umepanda ngazi au umekimbilia foleni, mwambie akupumzishe kidogo kabla ya kukupima presha, maana mwendo huipandisha.

Baada ya hapo ni foleni ya daktari, na inaweza kuwa ndefu. Ukiingia, muda wenu pamoja si mkubwa, kwa sababu nje kuna wengine wengi. Ndiyo maana nakushauri jambo hili: kabla hujaingia, chagua mambo matatu yanayokusumbua zaidi, uyaseme mwanzoni.

Sikiliza tofauti hii. Daktari anasema, "Shikamoo mama, karibu ukae. Unasumbuliwa na nini?" Mama anajibu, "Mwili mzima, mwanangu." Daktari atalazimika kuanza kuchimba. Mama mwingine anajibu, "Marahaba mwanangu. Usiku naamka mara tano kukojoa. Miguu inawaka moto toka mwezi wa sita. Na dawa hii ya asubuhi inaniharisha." Kwa maneno machache, huyu wa pili ameshampa daktari kazi ya kufanya.

Maswali yatakayokushangaza

Utaulizwa kama baba, mama au ndugu zako wana kisukari au presha. Ni kwa sababu aina ya pili hutembea kwenye ukoo.

Akina mama mnaweza kuulizwa kama mliwahi kujifungua mtoto mkubwa sana, wa kilo 4 na zaidi. Inaweza kuwa dalili kwamba sukari ilipanda wakati wa ujauzito bila kujulikana.

Akina baba mnaweza kuulizwa kuhusu nguvu za kiume. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, ikiwemo ya huko. Ukinyamaza kwa aibu, utaishia kununua vidonge vya mtaani, na baadhi yake vinaweza kugongana na dawa za moyo.

Utaulizwa unakula nini. Jibu unachokula kweli, si kile unachodhani daktari anataka kukisikia. Kama ni ugali mara mbili kwa siku na viazi asubuhi, sema hivyo hivyo. Daktari au mtaalamu wa lishe hawezi kukupunguzia ugali ambao umesema huuli. Mara nyingi hutaambiwa uache ugali. Utaambiwa upunguze ukubwa wa tonge, uongeze mboga za majani na maharage, na uache chai yenye vijiko vinne vya sukari.

Utaulizwa kuhusu pombe. Ulanzi mbichi na togwa vina sukari, hata kama vinaonekana ni vinywaji vya kawaida vya nyumbani. Komoni na pombe nyingine zinaweza kuishusha sukari mno kwa mtu anayechoma insulini au anayemeza glibenclamide, hasa akinywa bila kula. Sema unakunywa kiasi gani. Daktari si mchungaji, hakuulizi ili akuhukumu.

Dawa nyingine zote zitaje

Kipengele hiki kisome mara mbili.

Mitishamba. Wengi wetu tumeshakunywa mizizi au majani ya kushusha sukari. Baadhi yanaweza kuishusha kweli, na ukichanganya na dawa ya hospitali sukari inaanguka. Baadhi yanaweza kuumiza figo. Mwambie daktari unakunywa nini na kiasi gani, hata kama hujui jina lake la kitaalamu.

Prednisolone na dawa za jamii yake, zinazotumika kwa pumu na wengine huzinunua kwa maumivu ya viungo. Dawa hizi hupandisha sukari. Kuna watu wanahangaika na sukari isiyoshuka, kumbe kila wiki wanameza vidonge vya magoti vilivyochanganywa nazo.

ARV. Mkoa wetu wa Njombe una maambukizi mengi ya VVU kuliko wastani wa nchi, hilo si siri. Maana yake wengi watakaofika kliniki ya kisukari wako pia kwenye dawa za VVU. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha ARV kinachotumiwa na wengi nchini, huongeza kiasi cha metformin kinachobaki kwenye damu, na metformin ndiyo dawa inayotumika zaidi kwa kisukari aina ya pili. Dawa hizi mbili zinaweza kutumika pamoja, ila daktari lazima ajue ili apange kiwango sahihi cha metformin. Kama umesindikizwa na mtu asiyejua hali yako, mwombe daktari akutoe nafasi ya kuzungumza naye peke yako. Una haki hiyo.

Na kama kuna siku hukumeza dawa, sema. Ukimdanganya kwamba umemeza zote na sukari bado iko juu, daktari ataona dawa haitoshi na ataongeza. Ukirudi nyumbani ukaanza kumeza zote kwa kiwango kipya, unaweza kuanguka.

Vipimo na maana yake

Sukari kabla ya kula. Ikiwa 7.0 au zaidi, inahesabiwa kuwa kisukari. Kwa asiye na dalili, kipimo hurudiwa siku nyingine kuhakikisha.

Sukari ya wakati wowote. Ikiwa 11.1 au zaidi na una dalili kama kiu kali, kukojoa sana na kupungua uzito, nayo ni kisukari.

HbA1c. Hiki kinaonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na majibu yake ni ya asilimia. Kuanzia 6.5 ni kisukari. Kwa wengi walio kwenye matibabu, lengo huwa chini ya 7, ingawa daktari anaweza kuweka lengo tofauti kwa mzee au mwenye magonjwa mengine. Kipimo hiki hakidanganyiki kwa kuacha sukari siku mbili kabla ya kliniki, kama tunavyofanya wengi. Kinaweza kupotoshwa na upungufu wa damu au selimundu, kwa hiyo kama una historia hiyo kwenye familia, itaje.

Mkojo na kipimo cha damu cha figo. Protini kwenye mkojo inaweza kuwa dalili ya mapema kwamba figo zimeanza kuumia, kabla wewe hujasikia lolote. Hali ya figo ndiyo pia inayoamua kama unaweza kutumia metformin na kwa kiasi gani.

Macho. Unaweza kutumwa kliniki ya macho siku hiyo au siku nyingine. Watakuwekea matone yanayotanua mboni ili waone ndani kabisa ya jicho. Kwa saa kadhaa utaona ukungu na jua litakuumiza. Usiendeshe pikipiki wala baiskeli siku hiyo.

Miguu. Utaambiwa uvue viatu na soksi. Usione aibu kwa nyufa au harufu ya mabuti ya shamba. Daktari au muuguzi atakugusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki huku umefumba macho, na kukuuliza kama unasikia. Usibahatishe. Kama husikii, sema husikii.

Kwetu huku kipimo hicho kina uzito wa pekee. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya Njombe tunaijua, na jioni kila mtu anasogeza miguu kwenye moto. Mtu ambaye mishipa yake ya fahamu imekufa ganzi anaweza kuungua nyayo asijue, akaja kuona lengelenge asubuhi. Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari hupona taratibu na kinaweza kuoza. Kama miguu yako ina ganzi, vaa soksi, jifunike blanketi, na kaa mbali na jiko la mkaa.

Ukiambiwa uanze insulini

Huko vijijini kuna maneno kwamba insulini ni hatua ya mwisho, ukianza sindano unakaribia kaburi. Historia inasema kinyume. Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14 huko Toronto, Canada, Januari 1922. Alikuwa anakufa kwa kisukari. Akaishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo, mtoto mwenye aina ya kwanza hakuwa na matumaini ya kuishi muda mrefu.

Kwa mwenye aina ya kwanza, insulini ndiyo uhai wenyewe. Kwa mwenye aina ya pili, wengine wanaihitaji kwa muda na wengine moja kwa moja. Ukiandikiwa, usiondoke kabla hujaonyeshwa kuchoma na wewe ukajaribu mbele ya muuguzi. Na useme ukweli kama nyumbani huna friji. Chupa ambayo haijafunguliwa inahifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 na haitakiwi kuganda. Asiye na friji anaweza kuambiwa aitunze kwenye chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya kingine, katikati kukiwa na mchanga unaomwagiwa maji. Usiiweke juani, wala karibu na moto.

Usitoke bila majibu haya

Kabla hujasimama, uliza:

Nina kisukari cha aina gani?
Namba zangu za leo ni ngapi, na lengo langu ni ngapi?
Kila dawa naimeza saa ngapi, kabla au baada ya kula?
Ikinisumbua, kwa mfano metformin ikinivuruga tumbo, nifanye nini kabla ya kuiacha?
Dalili gani zikitokea nisisubiri tarehe ya kliniki?
Narudi lini, na dawa zikiisha naweza kuzipata kituo cha karibu na kwangu?

Halafu mrudishie daktari kwa maneno yako: "Kwa hiyo daktari, hii moja asubuhi na moja usiku, nikiwa nimekula. Sawa?" Kama umekosea, atakurekebisha palepale. Simu yako pia ni daftari. Piga picha cheti cha dawa. Unaweza kuomba ruhusa urekodi maelezo kwa sauti ukasikilize nyumbani, lakini omba kwanza, usirekodi kwa kificho. Mwenye simu ya kitochi, kazi hiyo mwachie uliyekuja naye.

Kuhusu dalili za kutosubiri: kutapika mfululizo, kupumua kwa nguvu na haraka, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, kidonda cha mguu chenye rangi nyeusi au harufu. Hizo ni za kukimbilia kituo cha karibu siku hiyo hiyo, hata usiku. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili nacho ukitaje, kwa sababu kisukari huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu.

Jaribu la kweli linaanza ukishajisikia nafuu

Baba yangu mdogo alikwenda kliniki yake ya kwanza vizuri kabisa. Alibeba kila kitu, akapewa dawa, akazimeza. Baada ya miezi minne sukari yake ilikuwa nzuri, kiu imekwisha, usiku analala. Akasema amepona. Akaacha dawa, na tarehe ya kliniki ikapita akiwa shambani. Aliporudi hospitali alikuwa na kidonda kwenye mguu ambacho hakukisikia kilivyoanza. Alikatwa vidole viwili.

Sukari ikishuka, ni dawa na chakula vinafanya kazi yake. Ukiviondoa, inapanda tena, mara nyingi kimya kimya bila maumivu. Ndiyo maana yule anayeuza chupa ya "kumaliza kisukari" mnadani huaminika kirahisi: mtu aliye kwenye dawa za hospitali anajisikia vizuri, anakunywa ya chupa, anaacha za hospitali, na wiki za mwanzo haoni tofauti.

Kwa hiyo ukitoka kwa bingwa, karatasi ya kutunza kuliko zote ni ile yenye tarehe ya kurudi. Iandike ukutani kwa mkaa ikibidi. Anza kuweka akiba ya nauli siku hiyo hiyo, hata shilingi 500 kila ukiuza mboga. Na kama nauli imeshindikana kabisa, nenda zahanati ya kijijini upime sukari na presha, uwaombe wawasiliane na mkoa. Usikae tu nyumbani kwa sababu tarehe imepita. Umechelewa, lakini bado utapokelewa.

Ukiwa na swali la afya usilojua pa kulipeleka, namba 199 ni kituo cha simu cha Wizara ya Afya na kupiga ni bure. Na sisi tuko hewani. Tutumie ujumbe utuambie kliniki yako ya kwanza ilikwendaje, tuwasomee na wengine wanaojiandaa kwenda.